Mapovu Wakati wa Sala

Jumatano, usiku

Mapovu bado yanatoka kwenye rejeta, na niliyeyaona ni mimi tu.

Baba Tumaini alimleta mchungaji hapa Kyimo kuliombea tingatinga alilolinunua wakati shirika moja lilipouza mali zake. Injini ikiunguruma, wote wakafumba macho. Mimi nikachungulia rejeta. Gasketi, inayozuia gesi ya injini isiingie kwenye maji, ni mpya, niliifunga jana mwenyewe. Basi silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, imepinda, au ina ufa. Likienda kazini hivi, injini itachemka mpaka ife.

Nikafungua mdomo niseme. Mama Tumaini akanishika mikono, machozi yanamtoka. "Ndaga fijo, fundi. Asante sana."

Nikasema amina.

Nimeondoka na waya wa betri mfukoni, lisiwashwe kabla sijawaambia. Ila Baba Tumaini huamka mapema. Likigoma kuwaka alfajiri, atakayelaumiwa ni mchungaji na sala yake.