Mzee Niliyemfuata Jukwaani

Mama yangu,

Shikamoo, na amani iwe juu yako na wote mliopo hapo Tanga. Goti linaendeleaje? Kaka Salimu aliniambia umeanza tena kwenda sokoni kwa miguu. Nilifurahi, kisha nikaingiwa na hofu. Sisi huku Fort Worth wazima, ila joto linatunyanyasa, na mimi kichwa hakijatulia. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu ningeishia kulia na wewe usielewe kitu.

Yule mzee Mwingereza ninayemtunza, Mzee Leonard, nilikwambia alikuwa mwigizaji. Sikujua ukubwa wake. Baba yake alikuwa muuza nyama. Yeye akaanza kwa kufagia jukwaa katika mji mdogo, hadi akafika London, akawa anaigiza wafalme na wasaliti katika tamthilia za kale, zenye Kiingereza kizito ambacho hata Waingereza wenyewe wanakipata kwa shida. Ikulu ya kifalme ilimpa nishani. Alipofiwa na mkewe, binti yake Clare, aliyeolewa huku Texas, akamleta kwake.

Sasa amesahau mengi, Mama, lakini maneno ya wafalme hayajamtoka. Naweza kuwa namkorogea uji, akanigeukia kwa sauti ya kutetemesha vyombo: "Ondoka mbele ya macho yangu, msaliti!" Mara ya kwanza nilichukua mkoba nikatoka hadi kwenye gari. Akanifuata barazani, mpole kabisa: "Mwanaidi, unakwenda wapi na sijala?" Tangu hapo sijui ni lini anaumwa na ni lini anaigiza.

Mwezi uliopita ukumbi mmoja wa maigizo huko Dallas ulimwandalia hafla ya heshima. Clare aliniomba nikae naye nyuma ya pazia. Mzee akaingia kwenye mwanga, mgongo umenyooka kama kijana, akaanza maneno ya mfalme aliyenyang'anywa nchi. Ghafla akanyamaza. Akageuka huku na huku, akasema kwa sauti ndogo, "Samahani, nimepotea. Kuna mtu wa kunipeleka nyumbani?"

Nikasikia watu wanalia. Walidhani ni sehemu ya mchezo. Lakini mimi niliuona mkono wake unapapasa sikio, vile anavyofanya asipokumbuka choo kiko wapi. Sikufikiri, Mama. Nilikwenda na hijabu yangu na viatu vyangu vya kazini mpaka katikati, nikamshika mkono. "Twende, Mzee." Akaniegemea, tukatoka. Ukumbi mzima ukasimama, makofi yasiyokwisha.

Kwenye gari Clare alikuwa anaendesha huku anafuta machozi. Mzee akanigeukia, akaniuliza, "Nani alikwambia uingie pale?"

"Ulikuwa umepotea, Mzee."

"Uliingia vizuri," akasema. "Ila usiharakishe kutoka. Waache watutazame."

Nikamrekebishia mkanda wa kiti.

Sasa ukumbi mwingine, wa Houston, unatutaka sote wawili, turudie vilevile. Clare anasema hajamwona baba yake na furaha kama ile tangu amlete huku. Mimi nawaza mpaka nasahau chumvi kwenye mboga. Kama alipotea kweli, nitakuwa nampeleka mgonjwa akaaibike mbele ya watu. Kama alikuwa anaigiza, nikikataa nimemnyima kazi aliyoifanya maisha yake yote. Na mimi mwenyewe ni nani hapo, muuguzi au mwigizaji?

Juzi niliona nimuulize mwenyewe.

"Mzee, unataka kwenda Houston?"

"Houston ni wapi?"

Nikamweleza. Akaanza kupapasa sikio, nikajua swali limeshampotea. Kisha akasema, "Nitavaa koti lipi?"

Nimemwambia Clare tutakwenda. Nitasimama karibu zaidi na pazia, nimfikie upesi, basi. Bado sijui kama nimefanya sawa, Mama, na hakuna wa kuniambia huku. Niombee dua.

Nisalimie kaka Salimu, shangazi wa Pongwe, na mama Rehema jirani yetu anayekuchotea maji. Wajukuu zako wanakusalimu kwa Kiingereza, ila shikamoo nimehakikisha wameitamka wenyewe.

Mimi mwanao wa pili, niliye mbali na mkono wako,
Mwanaidi