Betri Iliyobonyea

Jumatatu, 3 Juni
Nimefungua redio ya shule kama kawaida. Betri nne. Nimezipangusa kwa kitambaa kikavu, nikakagua maganda yake. Safi. Saa kumi akina mama wa elimu ya watu wazima wamesikiliza somo lao. Mama yangu mstari wa mbele. Sasa anasoma sentensi nzima bila kusita.

Jumatano, 5 Juni
Redio imekata katikati ya somo. Betri mbili zimebonyea. Moja imepasuka, maji yake yamekula springi. Mtu amezigonga kwa jiwe ili ziamke. Jana zamu ya kufagia ofisi, inamokaa redio, ilikuwa ya Zaituni, mwenzangu darasani. Amekana. Mwalimu Kasanda amesema uzembe ni wangu, akanipokonya ufunguo wa redio mbele ya akina mama wote. Mama amefunga daftari lake polepole. Duka la ushirika halina betri. Namchukia Zaituni.

Alhamisi, 6 Juni
Bombani, Zaituni: "Waziri wa Redio, shikamoo! Umejiuzulu lini?" Wote wamecheka.
Mwalimu aliniagiza nizifukie zile mbili mbali na kisima. Alitufundisha: iliyobonyea usiichanganye na nzima, maji yake usiyaguse, motoni usiitupe. Iliyopasuka nimeiweka kwenye kopo la mchanga. Nyingine haijavuja. Itavuja. Hiyo nimeificha sandukuni. Ina kazi.

Jumamosi, 8 Juni
Zaituni amekuja mwenyewe, mpole. Redio ya bibi yake imechoka. "Nipe betri, hata moja tu, dada." Nimempa ile. Hata haoni ajabu betri kubonyea. Alipoondoka nimecheka peke yangu mpaka mbavu zikauma. Naye akaone.

Jumatano, 12 Juni
Bibi Mwanaidi, bibi yake Zaituni, ameniita kwao Mtendeni. Redio imekufa.
"Marahaba, mjukuu wangu. Nasikia mikono yako inajua redio. Mdogo wangu anaumwa kule Ziba. Likitokea la kutokea, watatangaza humo."
Sikujua habari za mgonjwa.
Nimefungua. Betri yangu imevuja, ukoko mweupe umejaa. Zile tatu zake nazo zina alama za jiwe.
"Hizo anazigonga Zaituni," Bibi akasema huku akicheka. "Nilimfundisha mimi. Tulikuwa tunazianika juani, zikigoma tunazigonga."
Ushahidi wangu huo, kwa kinywa cha mtu mzima. Wiki nzima nimeuota. Nimegeuka kumtazama Zaituni, aliyesimama mlangoni. Yeye alikuwa anaitazama betri niliyompa. Kisha akanitazama mimi.
Nikimsema, naye atanisema. Nimekwangua springi kwa msasa. Bibi akanishukuru mara tatu. Kila mara nilitamani anitukane.

Ijumaa, 14 Juni
Duka la ushirika limepata betri, mbili kwa kila mtu. Mimi na Zaituni tumepanga foleni tangu asubuhi. Mbili zangu, mbili zake, zote kwenye redio ya Bibi. Imesema. Ameiweka karibu na sikio. Habari za Ziba bado.
Mama amekwenda darasani na daftari lake. Leo watasoma bila redio. Ufunguo bado anao Mwalimu.
Jioni tumezifukia betri mbovu zote nyuma ya nyumba ya Bibi, mbali na kisima. Sijamsamehe. Nadhani naye hajanisamehe. Jembe lilikuwa moja, tukapokezana.