Tumbo Lenye Ndugu Wengi

Isingiro, Karagwe
Baada ya kuanika kahawa

Dada yangu Domitila,

Shikamoo. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo tangu masika linajua mvua kabla ya mawingu. Wewe je, kifua kimetulia? Paa la nyumba ya baba limezibwa, au bado mnatega masufuria? Barua yako ilinifikia kwa mkono wa dereva wa lori, imekunjamana na inanuka ndagala, wale dagaa wa ziwa letu. Nikaishika puani muda mrefu kuliko nilivyoisoma. Usinicheke. Mtu akikaa ugenini miaka kama yangu, pua yake inakuwa na kumbukumbu kuliko kichwa.

Umeniambia kwamba mwanao Onesmo amemaliza mafunzo ya umeme na anataka kufungua karakana yake mwenyewe, na kwamba watu wamemwambia bila kujuana na wakubwa atakufa njaa na bisibisi mkononi. Kwa hiyo unataka nimwandikie yule niliyesoma naye, ambaye siku hizi ni mkubwa huko kwetu, amshike kijana mkono. Nitakujibu. Lakini kwanza nikusimulie yaliyompata mkwe wangu Laurenti, mume wa Perpetua. Yamekuwa yakinichefua tangu kiangazi, na karatasi ndiyo mahali pekee ninapoweza kutema bila majirani kuniona.

Laurenti hujakutana naye, ila picha ya harusi nilikutumia: ni yule mrefu aliyefumba macho. Baba yake, marehemu Mzee Bartazari, ndiye aliyenipokea nilipofika hapa na Perpetua mgongoni na jembe lisilo na mpini. Alileta kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, zile ambazo watu wa huku huchemsha na majani yenye harufu, wakazikausha, wakampa mgeni kabla ya neno lolote. Tukatafuna. Hakuniuliza namjua nani. Zilipokwisha, akanionyesha kwa fimbo: kutoka mgomba ule hadi kijitoni, lima.

Kwenye kijito hichohicho Laurenti alitengeneza mtambo wake. Alichonga gurudumu la mbao linalozungushwa na maji ya mfereji, akalifunga mkanda wa tairi lililokatwa, na mkanda ukazungusha dainamo aliyoitoa kwenye lori la jeshi lililoachwa bondeni baada ya vita vya Uganda. Umeme wa serikali huku ni habari ya magazetini. Basi watu wakawa wanaleta betri za gari kwake, wengine wanatoka Songambele wamezifunga kwenye keria ya baiskeli, zinachajiwa, wanarudi kusikiliza radio zao. Waya mmoja ulipanda mlimani hadi zahanati, na mkunga akapata taa. Kabla ya hapo alikuwa akizalisha huku ameuma tochi kwa meno.

Sasa, mwaka huu Laurenti akaitwa semina mjini Kayanga. Mtaalamu aliyevaa viatu vyeupe, katika wilaya yenye udongo kama huu, aliwafundisha neno jipya, ujasiriamali. Akawaambia mtaji wa kwanza si fedha wala vyuma, mtaji ni watu, na mwenye mtandao wa watu hashindwi. Kisha akawasifu kwa kujitegemea, wakala pilau lake, wakapeana kadi za majina. Laurenti alirudi na kadi hizo mfukoni mwa shati, akazipanga mezani kama mcheza karata.

Perpetua akamuuliza, "Kati ya hawa, nani atakuja kuzibua mfereji?"

"Mama Zaka, wewe huelewi mambo haya."

"Kweli sielewi. Ndiyo maana nauliza."

Yeye Laurenti hakuwa na kadi ya kumpa mtu. Basi akatafuta alichokuwa nacho, na alichokuwa nacho ni mila ya babu zake iitwayo omukago, udugu wa damu. Sisi nyumbani tunaujua kwa jina jingine. Wawili hupasua punje ya kahawa yenye mbegu mbili, kila mmoja hujichanja chini ya kitovu, hupaka mbegu yake damu, na mwenzake huimeza kutoka kiganjani. Tangu hapo mmoja akiomba kitu, mwingine hawezi kukataa, maana atakayekataa tumbo litamvimba mpaka afe. Makanisa yameukemea na watu wengi wameuacha. Wazee wachache waliounywa, ndivyo wanavyosema huku, waliunywa kwa sababu ya njaa au vita, na mara moja tu katika maisha.

Laurenti aliunywa na mfanyabiashara wa Murongo, mpakani, jina lake Kabyemera. Mtu huyu ana gari la pikapu, vifaa kutoka ng'ambo, na urafiki na wote wanaokaa kwenye kizuizi. Niliitwa niwe shahidi. Nikasema shahidi sitakuwa, ila kwa kuwa ni uani kwa binti yangu, nitakaa. Laiti ningekwenda kulima. Kabyemera alipandisha shati ili achanjwe, nikaona tumbo lake. Dada, lilikuwa na makovu kama gogo la bucha. Makovu mapya juu ya makovu ya zamani, na hapakuwa na nafasi safi chini ya kitovu, ikabidi wembe utafutiwe mahali pembeni. Huyu alikuwa anakusanya ndugu kama mwingine anavyokusanya funguo. Akaitafuna punje yenye damu ya mkwe wangu kama karanga, akapangusa midomo kwa leso, na kabla hajashusha shati akauliza dainamo inachaji betri kwa muda gani.

"Wewe ni ndugu yangu wa tumbo sasa," akamwambia Laurenti. "Hutapata shida tena."

Na mkwe wangu, mwimbaji wa kwaya, akatabasamu kama aliyebarikiwa. Chakula kilipoletwa sikuweza kukila.

Hata kahawa haikuwahi kukauka. Kabyemera alikuja na pikapu na bunda la waya, zawadi kwa ndugu. Akanywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, akausifu mfereji, akamsifu marehemu mzee ambaye hakuwahi kumwona. Kisha akasema, "Ndugu yangu, nina haja." Alikuwa amefungua banda la video Murongo, na jenereta lake limeungua, limebaki injini tu. Haja yake ilikuwa dainamo.

Laurenti akanitazama, mimi nikatazama maji. Kama angekataa mbele yangu ningemshika mkono, lakini alichukua spana. Aliifungua dainamo kwa mikono yake mwenyewe, nati moja baada ya nyingine, akaifuta vumbi, akaipandisha garini. Gurudumu likabaki likizunguka bure. Kati ya watu waliokuwa wakingoja betri zao, mmoja akacheka, wengine wakamfuata. Jioni Laurenti akawa anajishika tumbo kuona kama limevimba, ingawa alikuwa ametoa alichoombwa.

Perpetua hakulia. Alikwenda kwa mama mkwe wake, Ma Anastazia, wakanong'onezana, na asubuhi wakanikuta mlangoni na mikeka, watoto, jogoo kapuni na sufuria kubwa. "Baba," akasema, "tunahamia kwa shemeji." Nikaenda nao. Sikutaka kusimuliwa.

Tulimkuta Kabyemera mbele ya banda lake, anapokea watazamaji. Ma Anastazia akaweka mzigo miguuni pake.

"Mwanangu, mama yako nimefika. Mbona hunipokei mzigo?"

"Shikamoo, mama. Karibuni. Mnakaa siku ngapi?"

"Tangu lini mtoto akamuuliza mama yake anakaa siku ngapi?"

Perpetua akasema, "Shemeji, mume wangu alikuwa anatulisha kwa dainamo. Dainamo iko hapa, na sisi tumeifuata. Chumba chenye dirisha ni kipi?"

Mke wa Kabyemera alitokea na ufagio mkononi. "Na hawa ni wa ndugu yupi tena?" Mumewe akatugeukia, akasema udugu wa damu ni mambo ya wanaume, wanawake hawaingii.

"Damu uliyoila ni ya mwanangu," Ma Anastazia akamwambia. "Damu hiyo niliitengeneza mimi. Itapike, tutaondoka."

Hakuitapika. Tukalala kwake, tukala kwake, na Ma Anastazia akaweka kigoda mlangoni pa banda, akawa anamsimulia kila anayeingia jinsi alivyopata mtoto mwenye pikapu bila uchungu wa uzazi. Watu walicheka sana. Nilidhani aibu itamshinda yule bwana. Nilikosea, dada: aibu inahitaji mahali pa kukaa, na ndani ya mtu yule palikuwa pameshajaa. Kilichomshinda ni kwamba mwendesha video wake aliiunganisha dainamo vibaya. Siku ya soko, katikati ya picha, moshi ukatoka, pakanuka waya ulioungua, watazamaji wakadai chao. Muda mfupi baadaye dainamo ilitupwa garini kama mbwa mfu, nasi juu yake. Alitushusha nyumbani, akamwambia Laurenti, bila haya yoyote usoni:

"Ndugu yangu, ukishaitengeneza unijulishe."

Ma Anastazia akatema mate chini, karibu kabisa na kiatu chake, akaingia ndani.

Hapo ndipo Laurenti alipozikumbuka kadi. Akawaandikia wote. Akaendesha baiskeli hadi Kayanga, akakuta mmoja yuko mkutanoni, mwingine kahamishwa, na wa tatu akamtaka aandike pendekezo kisha angoje. Mtaalamu mwenyewe alikuwa mkoa mwingine akifundisha kujitegemea. Zahanatini taa imezimika, na mkunga alipita shambani akamwambia, "Fundi, meno yangu yanakwisha."

Aliyetuokoa ni mchungaji wa ng'ombe wa upande wa mbuga, mmoja wa wale waliokuwa wakingoja betri siku ile. Alikuwa na dainamo mbovu ya masalia yaleyale ya vita, ambayo kwa miaka yote hiyo alikuwa akiitumia kufungia kamba ya ndama. Akaileta kichwani, akasema ndama ameshakua. Laurenti aliufumua waya wa dainamo hiyo pole pole na kuusuka upya katika dainamo iliyoungua, huku wenye betri wakizibua mfereji uliojaa matope kwa zamu. Alihitaji karatasi ngumu ya kutenga waya na chuma ili umeme usivuje. Akazitoa zile kadi za majina, akazikata vipande vyembamba, akazipaka vanishi, akazichomeka. Nilimuuliza kama zinafaa. Akasema, "Baba, hapa ndipo zinapofaa."

Mtambo unazunguka, ingawa umepungua nguvu. Taa ya zahanati ina rangi ya chai isiyo na maziwa, lakini mkunga ameiweka tochi kabatini. Na Kabyemera, nisikilize, ametuma salamu: amesikia dainamo imepona na anakuja kumtembelea ndugu yake. Nilikuwepo Laurenti alipomjibu yule mjumbe. Mkono wake ulikuwa tumboni, juu ya kovu. Lakini alisema, "Mwambie aje na jembe. Mfereji una zamu, na ya kwake haijafika hata mara moja." Tumeangalia tumbo lake kila asubuhi. Halijavimba. Kabyemera naye hajatokea.

Basi jibu langu ni hili. Yule rafiki yangu sitamwandikia. Si kwamba atakataa. Namfahamu tangu tukiwa dawati moja; ukimwomba, atatoa, na hiyo ndiyo hofu yangu. Onesmo aanzie barazani kwenu, atengeneze pasi na radio za mtaa mpaka watu wazoee njia ya kwenda kwake. Hao ndio atakaowahitaji siku waya utakapoungua, na utaungua. Akikasirika, mwambie mjomba wake amezeeka ugenini. Ni kweli vilevile.

Nisalimie shangazi muuza ndagala, mjane wa kaka yetu aliyebaki na cherehani, katekista jirani aliyenifundisha kusoma, na mtoto wa marehemu kaka anayeendesha teksi. Mwambie apunguze mwendo. Perpetua anakuamkia, na wajukuu wote.

Dereva atakupa kifurushi cha majani makavu ya mgomba. Ndani mna kahawa za kutafuna, Ma Anastazia amezichemsha mwenyewe. Hazina kitu zaidi ya majani na chumvi kidogo. Siku Onesmo atakapofungua mlango, azipeleke kwa majirani wa kulia na wa kushoto, watafune pamoja, wala asiwaulize wanamjua nani.

Mdogo wako, ambaye bado ananusa bahasha yako,
Zakaria