Tarumbeta la Zabron Katika Jumba la Sanaa

Mlola,
Lushoto.
18 Agosti 2024

Mpendwa shemeji Nathanaeli,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu huku milimani. Hujambo wewe, mkeo na watoto? Mgongo uliokusumbua wakati wa theluji ya huko Hamburg umetulia? Sisi ni wazima. Baridi ya mwaka huu ni kali na ukungu hautaki kuondoka, lakini maharage tumeshavuna na kabichi zimekubali. Mama macho yanamsumbua, ila sauti ni ile ile. Juzi alimgombeza mbuzi, jirani akaja mbio kuamua ugomvi.

Tangu tumzike kaka yako Zabron masika ya mwaka jana sijakuandikia barua ya maana. Leo nina jambo linalotaka karatasi, kwa sababu linahusu tarumbeta lake, na wewe ndiye ndugu yake wa tumbo moja.

Uliposikia kwamba bendi yetu ya kanisa inakwenda Dar es Salaam kutembelea lile jumba kubwa la sanaa, ulituelekeza vizuri. Tufike mapema, tumsikilize mwongozaji, tukae kimya kwenye viti vya nyuma tuusikie ukumbi wenyewe, halafu tubaki tuone onyesho la jioni. Niliwasomea wote baada ya mazoezi. Wakapiga makofi. Yaliishia hapo hapo kwenye makofi.

Desturi ya bendi yetu unaikumbuka. Mpigaji akifariki, tarumbeta lake hunyamaza mpaka mrithi alipulize mbele ya watu, na anayetangulia kulipuliza ndiye mwenye nalo. Siku zote tumelifanya jambo hilo kwenye uwanja wa kanisa. Safari hii uwanja haukumtosha mwenyekiti wetu, Alen, yule mtoto wa marehemu Valentino wa duka la mbolea. Siku hizi ana suti ya rangi ya maziwa. Akatangaza kwamba Loveness atalipuliza tarumbeta la baba yake jukwaani Dar es Salaam, "dunia ione". Nilikubali, kwa sababu Zabron kila alipoliona jumba lile kwenye televisheni aliacha kutafuna.

Tulipofika, dada mmoja mpole akaanza kutueleza jinsi dari ilivyojengwa ili sauti ifike mpaka kiti cha mwisho. Alikuwa akiieleza migongo. Kila mtu alikuwa amelipa jukwaa kisogo na kunyoosha mkono wenye simu. Klara, mkwe wa mzee Timotheo, alijirekodi uso wake tangu tulipoingia mpaka tulipotoka. Shemeji, watu wameteremka milima yote hii kwenda kutazama pua zao wenyewe, pua ambazo wameziacha kwenye kioo cha nyumbani.

Mimi nilipanda mpaka viti vya mwisho nikakaa. Kule chini mama mmoja alikuwa anafagia jukwaa, na nilisikia kila mpapaso wa ufagio wake kama ananifagilia miguuni. Nikamkumbuka Zabron, Jumapili za baridi, akikibana kidomo cha tarumbeta kwapani njiani kwenda kanisani ili noti ya kwanza isitoke na baridi. Ushauri wako niliufuata peke yangu, nami nakushukuru.

Tulikuwa tumepewa muda mfupi jukwaani kabla mafundi hawajaanza kuandaa onyesho. Alen aliujaza hotuba. Alimshukuru kila aliyewahi kuzaliwa Mlola. Zikafuata picha: ya viongozi, ya akina mama, ya waliovaa kofia, halafu tena ya viongozi kwa sababu mmoja alikuwa amefumba macho. Loveness alisimama pembeni na tarumbeta mkononi, amevaa gauni alilolishona kwa siku hiyo.

Zamu yake ilipofika, Alen akalishika lile tarumbeta.

"Lete nifungue njia, Loveness. Akianza mwanamke, video itaonekana ya watoto wa Sunday school."

"Mwenyekiti, wewe unapiga ngoma," Loveness akamjibu. "Hilo linataka mdomo, halitaki fimbo."

Watu walicheka, naye kwa hasira akalivuta, akajaza mashavu, akapuliza. Ilitoka sauti ya ndama aliyekwama kwenye tope. Na ile dari nzuri ikanifikishia mpaka kiti cha mwisho, bila kupungua hata kidogo. Yule dada mwongozaji alitazama viatu vyake. Hapo mafundi wakaingia, muda ukawa umekwisha.

Onyesho la jioni hatukuliona. Alen alisema ni ngoma tu, na ngoma tunazo nyumbani. Tukaenda Kariakoo kununua sufuria. Hata sufuria tunazo nyumbani, lakini hilo hakuna aliyelisema.

Tulipofika Mombo, kabla hatujaanza kupanda, nikamsikia Alen akisema "tarumbeta langu". Nilidhani anatania. "Desturi ni desturi, mama Loveness," akaniambia. "Nani alitangulia?" Tulipofika Mlola akashuka nalo kwenda kwake. Loveness hakulia mbele yake. Alilia nyumbani, akimenya viazi.

Kesho yake Alen akaituma video kwenye kundi la simu la bendi. Ni yeye jukwaani, mashavu yamejaa, lakini sauti ya ndama ameiondoa na kuweka muziki wa bendi nyingine, tena bendi nzuri. Wazee waliobaki nyumbani wakamsifu kwamba kumbe ana kipaji.

Jumapili iliyopita wazee wa bendi waliketi baada ya ibada kuamua tarumbeta ni la nani. Alen alikuja na suti yake na video yake. Mzee Timotheo, ambaye hakusafiri kwa sababu ya miguu, aliitazama mara mbili.

"Hapa nasikia matarumbeta mengi, na ninamwona mtu mmoja. Sauti yenyewe anayo nani?"

Klara, bila hila yoyote, akatoa simu yake. Pua yake ilijaa kioo kizima. Lakini nyuma ya pua, ndama yule alilia wazi kabisa. Watu waliinamisha vichwa kama wanaosali, mabega yakitikisika.

Mzee Timotheo hakucheka.

"Alen mwanangu, desturi unaijua. Kama sauti hii ni yako, sema. Tarumbeta litakuwa lako, na kila Jumapili utasimama mbele utupigie hivi hivi."

Alen alijipangusa bega ambalo halikuwa na vumbi.

"Mzee, mimi nililiweka mdomoni kwa ajili ya picha tu. Hiyo ni spika ya kule. Walikuwa wanaijaribu."

"Kwa hiyo hukupiga?"

"Sikupiga, mzee."

"Basi lilete."

Tuliosafiri wote tulimwona akipiga, na hakuna aliyefungua mdomo. Mtu alikuwa ameshaunyang'anya urithi wa yatima, akaurudisha si kwa kuona haya bali kwa kuogopa kuchekwa. Angesema tu, "Ni mimi, nifundisheni," ningempa heshima mpaka leo. Sasa hivi akinisalimia naitikia, kwa sababu nimelelewa.

Loveness alilipuliza pale pale uwanjani, manyunyu yakianguka. Noti ya kwanza ilitetemeka. Ya pili ilisimama. Hakukuwa na jukwaa wala dari, na simu zilikuwa mifukoni kwa kuogopa maji, kwa hiyo mara hii watu walisikiliza. Tuliporudi nyumbani tulimkuta Mama amekaa mlangoni, ameelekeza uso kanisani.

"Aliyekuwa anapiga ni nani?" akauliza.

"Ni Loveness, Mama."

"Mwambie asilale nalo njaa. Baba yake akishapiga alikuwa anakula sana."

Wazee wameamua, lakini wewe ndiwe baba yake mdogo. Nakuomba umpigie simu umwambie kwa kinywa chako kwamba ni lake.

Mama anakusalimu sana, na shangazi Sesilia, na mzee Timotheo. Loveness anasema shikamoo baba. Mungu wa kaka yako awafunike wewe na nyumba yako, huko mliko.

Ni mimi, shemeji yako nikupendaye kama ndugu,

Dorkasi, mama Loveness