Kumbukumbu ya Mama Riziki Imekubali

Mombasa

Kwa Bibi Mwanaidi, mke wangu asiyezeeka,

Shikamoo bibi. Magoti yaonaje na baridi ya asubuhi hapo Tongoni? Yule mbuzi mweusi kazaa? Mimi mumeo mzima, tena kuanzia leo uniite kwa adabu, nimekuwa mtu. Binamu yangu Zuhura anayekusomea asicheke, asome.

Wakumbuka Mjomba Bakari alivyoapa: Idi ikinikuta bado nafagia duka la kompyuta la watu, nirudi nikakwee minazi yake. Basi sikiliza.

Juzi kaingia Mama Riziki, mpiga video za harusi. Kompyuta yake yaganda kila akiunganisha picha, na maharusi wamemkalia kooni. Tajiri wangu, Mzee Shee, akanigeukia. "Wewe M-Tanga, kila siku wajigamba. Haya, mwongezee kumbukumbu. Ikiwaka, meza ya ufundi ni yako. Ukiiunguza, ufagio ule pale."

Bibi, kumbukumbu ya kompyuta ni kama ungo. Ukiwa mdogo wapepeta kidogo kidogo. Ukiwa mkubwa wapepeta mchele mwingi kwa mara moja. Yenyewe ni kibao chembamba, urefu wa kitana. Kwa mbwembwe nikachagua kikubwa kuliko vyote dukani. Kikagoma! Chini kina pengo, na pengo halikukutana na kizuizi cha kwenye mashine. Nikataka kukikandamiza hivyo hivyo, kama tunavyofunga mlango wa choo chetu.

"Kandamiza," akasema Mzee Shee, "nikuone."

Nikaacha. Nikakichomoa kile cha zamani, nikasoma karatasi yake: kizazi cha tatu. Changu cha nne! Hata kama ningekipaka mafuta kisingeingia. Nikapekua sanduku, nikapata cha kizazi cha tatu, umeme wake sawasawa, kasi tu imezidi kidogo.

"Hicho na cha zamani havitagombana?" Mama Riziki akauliza.

"Mama, bibi yangu na shangazi hutwanga kinu kimoja. Shangazi ana haraka, lakini humngoja bibi. Hajaumia mtu."

Nimekusingizia uzee, usinune.

Nikavipachika vyote viwili, nikabonyeza cha kuwashia. Milio mitatu, kioo kikabaki cheusi. Mzee Shee akautazama ufagio. Moyo ukanishuka mpaka kwenye ndara, nikaiona minazi ya Mjomba imepanga foleni! Nikavichomoa vyote viwili, nikasugua meno ya dhahabu yaliyo ukingoni mwake kwa kifutio cha penseli, nikavirudisha mpaka vibanio vikalia ta! ta!

Ikawaka, bibi! Bwana harusi akalishwa keki bila kuganda mdomo wazi. Mama Riziki akapiga vigelegele, hata muuza mahamri wa jirani akaja kuuliza nani kaolewa. Mzee Shee hakunisifu, kusifu kwake haramu. Alinivutia kiti tu. "Kaa. Kesho kuna tatu zinakungoja."

Basi Idi nakuja, nikusalimu, nile wali wa nazi, kisha nirudi mezani kwangu. Mjomba atafute mkwezi mwingine, tena amtafute mapema.

Nisalimie mama, mwambie nala vizuri. Shangazi Mwanajuma, mtwangaji wa haraka, asimwambie mtu nilivyomtaja. Na Zuhura, msomaji wetu, namletea leso.

Ndimi mume wako mdogo,
Fundi Athumani
(Zuhura, hilo "Fundi" lisome mara mbili, Mjomba akiwa karibu.)