Nilimkwepa Baba kwa Neno la Kizungu

Mjomba Ngai mpendwa, nisaidie maana aibu inanitafuna. Nilijifunza neno la Kiingereza darasa la jioni, frenetic, yaani pilikapilika zisizo na breki, nikalipenda, nikalitumia ofisini, na kazi yangu yenyewe ni kupanga faili hapa Kwun Tong, Hong Kong, na kucheza karata kwenye simu, kisha nikawa namwambia baba kila aliponiita tukanywe chai Jumapili, "Baba, wiki hii ni frenetic," naye, mstaafu wa kivuko asiyejua Kiingereza, akalikariri akawatambia wenzake mkahawani, mpaka Jumapili iliyopita nilipoingia pale na njaa zangu nikakuta kiti changu kimekaliwa na Mzee Pang, mtu waliyejuana kwa kuchangia meza tu, baba akashtuka, "Lin, umefuata nini? Rudi kazini, mwanangu!" ndipo Pang akaropoka kwamba Alhamisi baba anapasuliwa moyo na atakayemsindikiza ni yeye, "maana wewe ni frenetic, tusikusumbue." Nimwambieje baba nisionekane mwongo?

Lin

Mjomba Ngai anajibu: Usionekane mwongo? Dada, wewe ni mwongo, hilo tulimalize. Mimi darasa la tano lilinishinda, lakini nimepika melini bandari kumi na tisa, na watu wenye pilikapilika nimewaona: wanatoka jasho. Wewe unatoka Kiingereza! Mtu mzima unashindana na karata za simu, halafu unajiita kimbunga! Na mzee wa watu kalivaa neno lako kama medali. Huyo ndiye anayeniuma, wala si wewe.

Sasa sikiliza. Usimtumie ujumbe. Kesho saa kumi na mbili asubuhi, maana wazee hao hawakosi chai hata siku moja, uwe mkahawani kabla yake, shika meza, suuza vikombe kwa chai ya moto kama ilivyo desturi, mmiminie chai. Akikufukuza urudi kazini, mwambie kwa Kikantoni cha nyumbani: "Baba, sikuwa na kazi. Nilikuwa nakukwepa." Akikutukana, mwongezee chai. Pang akija, simama umpe kiti na umshukuru. Amekuwa mtoto mwema kuliko wewe.

Alhamisi nendeni wote watatu. Fomu ya hospitali ina mstari wa ndugu wa karibu, na huenda baba keshaandika jina la Pang. Usimwombe afute. Kaa kwenye benchi pembeni ya Pang, na baba akifungua macho akuone.