Samaki Niliyempiga kwa Rungu ya Mzee

Kaka yangu Sironka,

Supa. Kabla hujajibu, tafuta mahali ukae. Barua unayoshika imeandikwa na mwanaume wa pekee, tangu dunia iumbwe, aliyempiga samaki kichwani kwa rungu, samaki akiwa majini na yeye akiwa amesimama ndani ya mashua. Ni mimi Koinet. Yule ulikuwa unasema hawezi kugonga debe hata akiwa amelikalia. Leo ukikata nyama hapo buchari uwaambie wateja wote wa Kitengela, na wale wa mkopo pia.

Habari za huko? Mama yetu Yeyo mguu wake umepona, ama bado anaukanda na mafuta ya kondoo halafu anasema ni dawa ya hospitali? Mvua imefika Kajiado? Mimi ni mzima wa mwili, na kwa sura nimezidi.

Barua yako nilipata. Nimefurahi kwamba watu wa yule msichana wa Bissil wamekubali, ingawa nawahurumia. Na nimeona vile umeniuliza, mara mbili kwa ukurasa mmoja, kama rungu ya Mzee iko salama, kwa sababu Desemba baba yetu akisimama kuongea na wazee wa bibi harusi anataka awe ameishika, vile Babu alikuwa anaishika. Nakumbuka vizuri siku alinipa. Alisema, "Sikupi. Nakuazima. Mtu akiazimwa kitu lazima arudi." Kwa hivyo swali lako ni la haki na nitalijibu. Lakini kwanza lazima usikie habari ya samaki, la sivyo hutaelewa.

Unajua kazi yangu huku ni ng'ombe. Ndiyo, nilipanda ndege kuja kuchunga ng'ombe, cheka umalize. Mwenye shamba ni mzee anaitwa Walt, mtu wa maneno machache na kofia kubwa. Jumapili iliyopita akaniambia, "Leo ng'ombe wajichunge. Twende ziwani."

Hilo ziwa liko juu kabisa kwa milima, na maji yake ni theluji iliyoyeyuka. Wewe ulikuwa unalia na upepo wa Kona Baridi. Kaka, Kona Baridi ni jikoni. Tulifika jua likitoka, tukashusha mashua, Walt akawasha injini, na mimi nikashika ukingo kwa mikono miwili kama mtu amebebwa na fahali. Hiyo sehemu usiwaambie wateja.

"Kwenu mnavua sana?" Walt akauliza.

"Kwetu hata kula hatuli."

"Kwa nini?"

"Samaki ni jamaa ya nyoka."

"Basi," akasema, "leo tunavua nyoka."

Samaki wa huko wanaitwa kokani. Walt anasema ukoo wao ni wa baharini, lakini hawa walifungiwa huku milimani zamani sana, wakabaki wadogo, bahari hawaijui tena. Rangi yao ni ya fedha. Lakini wakati wa kuoa ukifika wanageuka wekundu mwili mzima, kama wewe siku ile ulijipaka kwenda Bissil. Hutupi ndoana na kukaa ukingoja. Unafunga kamba kwa tufe la chuma, tufe linashuka nayo mpaka chini huko baridi wanakokaa, halafu mashua inatembea polepole sana, kama inasindikiza mgeni. Chambo ni punje ya mahindi. Nilimwambia Walt kwetu hiyo ni githeri bila maharagwe.

Wa kwanza aliposhika, ufito wa kuvulia ukaruka, nami nikavuta kama natoa ndama kwa shimo. Ndoana ikarudi na kipande cha mdomo.

"Mdomo wake ni laini," Walt akasema. "Usivute. Mbembeleze."

Wa pili nilimbembeleza kama wewe ulivyombembeleza huyo msichana, tofauti ni kwamba wangu hakuchukua miaka mitatu. Akaingia kwa wavu, anang'aa, anacheza. Kaka, moyo ulinipiga kama siku ya kutoka jandoni. Sikujua kitu kidogo hivyo kinaweza kumfanya mwanaume apige kelele mpaka milima ijibu.

Sasa wavuvi wa huku wana desturi nzuri. Samaki akiingia anapigwa kichwani mara moja na kirungu kifupi, asiteseke. Walt akatafuta chake kila mahali, kumbe amekiacha nyumbani. Akaona ile yangu kiunoni. Unajua siiachi, hata nikienda choo.

"Hiyo ni ya nini?"

"Ya kuongea," nikamwambia. "Mtu mkubwa akiishika, wengine wananyamaza."

"Basi samaki naye atanyamaza."

Na akanyamaza. Najua unavyokunja uso. Babu alinyamazisha wazee nayo, mimi nanyamazisha nyoka. Lakini siku nzima ilifanya kazi hiyo bila kosa, mpaka Walt akasema anataka moja yake.

Karibu tunarudi, ndio akashika yule mkubwa. Huyo alikuwa ameanza wekundu, na mdomo umepinda kama wa mjomba akisikia habari ya harambee. Nikambembeleza mpaka kando ya mashua. Walt ananyoosha wavu, na papo hapo ndoana ikachomoka. Samaki akalala juu ya maji kidogo tu, kama anashangaa ni nani amemwachilia. Mkono wangu haukuniuliza. Uliruka wenyewe, vile unaruka fisi akiingia bomani. Tap, katikati ya kichwa. Akageuka tumbo juu, na Walt akamteka na wavu.

Walt alivua kofia. Akasema sheria ya ziwa haikatazi kitu kama hicho, kwa sababu hakuna mtu aliwahi kukifikiria. Halafu akacheka mpaka mashua ikayumba.

Jioni tulimla. Usimwambie Yeyo. Nyama yake ni nyekundu na tamu, na ukifunga macho unaweza kuapa si nyoka.

Nisalimie Yeyo, ambaye hajui kusoma, hivyo ukimsomea utaruka hapo juu. Nisalimie dada yetu Naserian kule Tuala na watoto wake wenye fujo, na mjomba wa Matasia, uliza kama ameuza ploti zote ama amebakisha ya kuzikwa. Na Mama Halima wa duka karibu na buchari, mwambie huku hakuna mtu anajua kupika chai.

Sasa rungu.

Kaka, ile rungu niliirusha, na kila mti niliowahi kuona majini unaelea. Walt alipokuwa akinipiga mgongo na kucheka, mimi nilikuwa nacheka pia, huku naangalia pale mahali, nangoja itokee. Nikafikiri imepita nyuma ya mashua. Haikuwa nyuma. Tulizunguka hapo mpaka jua likapoa. Walt ana kioo kidogo cha kuonyesha kilicho chini, kikaonyesha samaki wakipita, chini yao giza, na chini ya giza hakikuonyesha kitu. Akazima injini. Akavua kofia tena, na mara hii hakucheka.

Kilichoizamisha ni ule uzito. Ule ambao kila mgeni alikuwa anaupima kwa mkono na kumsifu Babu.

Mzee bado hajui. Aliniazima ili nirudi nayo, na sasa sijui nitarudi nikishika nini.

Ndugu yako mdogo,
Koinet